Kijitabu cha Mungu Mmoja Kinaandikwa kwa Ajili ya Nani?

Tangu Papa Leo XIV aliposimama İznik, Uturuki, mji ulioitwa Nikea zamani, Novemba 28, 2025, pamoja na Patriaki Bartholomew wa Konstantinopoli kuadhimisha miaka 1,700 ya Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, simu za watu hapa Mwanza zimejaa klipu zinazodai jambo moja: kwamba Utatu, fundisho la Mungu mmoja aliye Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ulipigiwa kura mwaka 325, na kwamba kabla ya kura hiyo Wakristo walikuwa na Mungu mmoja, baada yake wakawa na watatu. Klipu hizo zimeamsha kalamu. Kwenye meza za vitabu kuanzia Makoroboi hadi stendi ya Nyegezi, vijitabu vya kutetea imani ya Kikristo vimeongezeka, vya kurasa thelathini au arobaini, jalada la rangi kali, kichwa chenye neno "majibu" au "ukweli". Vijitabu navyo vimeamsha hofu. Nimewasikia watu wazima wenye busara, wakiwemo viongozi wa dini, wakisema mihadhara ya zamani ya kushindanisha dini inarudi, safari hii kwa karatasi, na kwamba ingefaa vijitabu hivyo vizuiwe kabla havijatugombanisha na majirani zetu.

Naiheshimu hofu hiyo, lakini naona inatazama upande usio na mgonjwa. Kitabu kinachotetea imani katika Mungu mmoja kina msomaji wake halisi, na msomaji huyo ni Mkristo mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi la kanisa miaka ishirini akikiri kwa sauti maneno ambayo hakuna aliyewahi kumweleza maana yake. Huyo ndiye mwenye njaa. Tatizo letu kando ya ziwa hili ni kwamba vijitabu vingi vimeandikwa kumshinda jirani, vichache mno vimeandikwa kumfundisha mwenye nyumba, na makanisa yameiachia kazi hiyo meza za wachuuzi. Kuvizuia kungeiacha njaa palepale. Kinachotakiwa ni vitabu bora, na watu wa kuvisoma pamoja na waumini.

Kisa kimoja kitanifupishia maneno. Kijana ninayesali naye anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa ubia na Mwislamu. Mtaji wamechanga, hasara wanagawana, mmoja akifiwa mwenzake ndiye anayefungua biashara. Siku moja mzigo kutoka visiwani ulichelewa, wakabaki na mazungumzo. Yule mbia akauliza, kwa nia njema kabisa: "Ndugu yangu, nyie mnasema Mungu ni mmoja, na mnasema Yesu ni Mungu. Sasa Yesu alipokwenda mlimani kusali usiku kucha, alikuwa anamwomba nani?" Kijana hakuwa na jibu. Akamfuata kiongozi wake wa kanisa, akaambiwa asibishane na watu wa dini nyingine. Akanunua kijitabu. Kijitabu kikampa aya za Kurani za kumtupia mwenzake na orodha ya maswali ya kumfunga mdomo. Swali lake mwenyewe halikuwemo.

Tuanze na kumbukumbu, kwa sababu wanaosema mihadhara inarudi hawajaota. Miaka ya 1980 na 1990 viwanja vya miji yetu vilijaa wahubiri wa Kiislamu waliosoma Biblia hadharani kuonyesha kwamba Yesu si Mungu, na baadaye wahubiri wa Kikristo waliojibu kwa mtindo uleule, Kurani mkononi. Kanda za kaseti zilizunguka kutoka mji hadi mji. Walioshuhudia wanakumbuka umati: takbira upande huu, haleluya upande ule. Katika uwanja wa namna hiyo mtu hawezi kusema, "Hilo silijui, nipe wiki nikasome," kwa maana akisema hivyo ameshashindwa. Spika haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Kitabu kinampa. Unaweza kukifunga, ukakaa na swali siku tatu, ukarudi, ukapiga mstari chini ya sentensi usiyoikubali. Kosa la vijitabu vingi vya leo ni kwamba vimechapa mhadhara ule kwenye karatasi: kelele imebaki, nafasi ya kufikiri imetupwa.

Ziwa hili lenyewe lina historia inayopaswa kututia adabu. Mwaka 1879 Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana, na Padri Lourdel wa shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika walibishana mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, na Waislamu walikuwa tayari wapo katika baraza hilohilo. Kila mmoja alitaka kumpata mfalme. Mapadri walipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1882 walivuka ziwa kuja kusini, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa misheni ya Bukumbi mwaka 1883, upande huu wa Misungwi ambako leo watu wanapita wakielekea daraja la Kigongo–Busisi. Walirudi Buganda, na mashindano yakarudi nao. Januari 1892 huko Mengo watu walipigana kwa bunduki, na wengi wetu tunasahau kwamba waliopigana siku hiyo walikuwa Wakristo kwa Wakristo, Wakatoliki dhidi ya Waanglikana, "Wafaransa" dhidi ya "Waingereza" kama walivyoitwa. Wote wawili walikiri Imani ileile ya Nikea, inayoanza kwa maneno "Nasadiki kwa Mungu mmoja". Hawakuuana kwa sababu mmoja alikuwa amemwelewa Mungu mmoja na mwenzake hajamwelewa. Waliuana kwa sababu hoja ya imani ilikuwa imefungwa kwenye nyuzi za mamlaka ya mfalme, silaha na biashara. Anayetaka kujua lini kutetea imani kunageuka hatari aanzie hapo: aulize nani anagombea nini nyuma ya hoja.

Utetezi wenyewe wa imani ni mkongwe kuliko ugomvi huo, na mwanzo wake unafundisha. Mnamo mwaka 155 Yustino, mwalimu Mkristo, alimwandikia Kaisari Antonino Pio kuwatetea Wakristo dhidi ya shtaka ambalo leo litamshangaza msomaji: walishtakiwa kuwa hawana Mungu. Waliitwa hivyo kwa sababu walikataa miungu ya Roma, wakashikilia mmoja. Yustino hakuwa na jeshi, na mwisho aliuawa kwa imani hiyo. Karne sita baadaye, mnamo mwaka 781, Timotheo, Patriaki wa Kanisa la Mashariki, aliketi Baghdad na Khalifa al-Mahdi, wakazungumza siku mbili juu ya Umwana wa Kristo na Utatu. Timotheo hakulegeza hata neno moja la imani yake. Alipoulizwa juu ya Muhammad alisema kwamba alitembea katika njia ya manabii, kwa kuwa aliwatoa watu wake kwenye masanamu akawaelekeza kwa Mungu mmoja. Akatoa mfano wa lulu iliyoanguka usiku ndani ya nyumba yenye giza: kila mtu anapapasa, kila mmoja anaokota kitu na kuamini kuwa ameipata, na kukipambazuka ndipo itajulikana nani ameshika lulu na nani ameshika jiwe. Timotheo aliamini ameshika lulu, na alisema hivyo mbele ya mtawala aliyeweza kumfunga. Ningependa kila anayeandika kijitabu hapa Mwanza ayasome mazungumzo yale kabla hajashika kalamu.

Sasa hoja ya wanaotaka vijitabu vizuiwe. Wana jambo zito la kuonyesha. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mgogoro juu ya nani ana haki ya kuchinja uliishia kwenye vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Hiyo ni kanda yetu, na wengi wetu tunawafahamu watu wa pale. Anayesema kwamba maneno ya dini ni kiberiti kwenye nyasi kavu ana haki ya kusikilizwa. Lakini tazama mgogoro ule ulihusu nini. Ulihusu kisu, bucha, nani anapata nafasi na nani anaambiwa nyama yake haifai. Hakuna aliyeshika panga kwa sababu ya kusoma maelezo ya umoja wa Baba na Mwana. Tena kuhusu matusi, sheria ipo: kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine, na ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu na kutangaza imani. Anayetukana ashughulikiwe kwa kutukana. Kumwondolea kijana wa Mwaloni kitabu ambacho kingemjibu kwa sababu mtu mwingine ameandika matusi ni kumnyima chakula kwa kosa la jirani. Na chakula kikikosekana mezani, atakila cha kwenye simu, ambako hakuna mhariri wala jina la mwandishi.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia zaidi makanisani kuliko mitaani, nayo naiona dhaifu kupita zote: kwamba imani haihitaji kutetewa, Mungu anajitetea mwenyewe, kazi ya Mkristo ni kuamini na kuomba. Ina sura ya unyenyekevu, ndiyo maana inapita kirahisi. Lakini waraka wa kwanza wa Petro unawaagiza waumini wa kawaida: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Anayeagizwa kujibu ni muumini, wala hakuambiwa Mungu atamjibia. Paulo naye Thesalonike alihojiana na watu sabato tatu kwa maandiko. Kusema imani haijibu maswali ni kumfundisha kijana kwamba akili yake aiache mlangoni, na vijana wa vyuo vya Malimbe na Bugando, wanaofundishwa darasani kudai sababu ya kila jambo, hawataiacha. Wataacha kanisa. Halafu nusu ya pili ya aya ile, ile ya upole na hofu, inawahusu wanaosema kinyume chake, wale wanaoona utetezi ni kumfedhehesha mtu. Petro ameyafunga mambo mawili kwa fundo moja, nasi tumegawana: kundi moja limechukua upole bila jibu, jingine limechukua jibu bila upole.

Turudi Nikea, kwa kuwa ndiko moshi ulikoanzia. Ni kweli Konstantino aliitisha mtaguso, na ni kweli maaskofu wapatao mia tatu walikutana. Walichobishania ni fundisho la Ario, kasisi wa Aleksandria, aliyesema Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Upande wa pili ukasema Mwana ametoka kwa Baba kama mwanga utokavyo kwa mwanga, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Hakuna hata mmoja mle ndani aliyetetea miungu watatu. Wote walianza na Mungu mmoja. Swali lilikuwa kama yule wanayemwabudu pamoja na Baba ni kiumbe au la. Na kama ni kiumbe, basi kumwabudu ndiko kungekuwa kumshirikisha Mungu na kiumbe. Ukilielewa hilo, utaona kwamba Nikea ilikuwa inalinda umoja wa Mungu. Mtaguso ulitoa pia kanuni 20 za nidhamu ya kanisa, na hakuna hata moja inayochagua vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua inaonekana katika barua ya Pasaka ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, miaka arobaini na miwili baadaye.

Dai la kwamba kaisari ndiye aliyeipandikiza imani hiyo kwa nguvu linaanguka kwa kutazama tu kilichofuata. Konstantino alibatizwa akiwa kitandani karibu na kufa, mwaka 337, na aliyembatiza ni Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio alisimama na wafuasi wa Ario. Athanasi, mtetezi mkubwa wa Nikea, alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano. Kama ikulu ingekuwa ndiyo inayoamua imani, leo tungekuwa tunakiri maneno ya Ario. Na ibada kwa Kristo haikungoja mwaka 325. Mnamo mwaka 112 Plinio Mdogo, gavana mpagani wa Bithinia, jimbo hilohilo ambamo Nikea imo, alimwandikia Kaisari Traiano kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo wimbo kama kwa mungu. Nyuma zaidi, katika miaka ya hamsini ya karne ya kwanza, Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kwetu Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, na Bwana ni mmoja, Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Anayeijua Kumbukumbu la Torati 6:4 ataisikia humo: Bwana, Mungu wetu, mmoja. Paulo, Myahudi aliyelikariri ungamo hilo tangu utoto, ameyachukua maneno yake akamweka Yesu ndani yake, bila kuongeza mungu wa pili nje yake. Hoja kama hiyo ndiyo ningetaka nione kwenye meza za Nyegezi. Ina tarehe, ina maandishi, na Mwislamu au Shahidi wa Yehova anaweza kuikagua mwenyewe, hata kama hataikubali.

Badala yake vijitabu vyetu vimebeba hoja ambazo zitamwangusha anayezitegemea, na hapa lazima nisemane na watu wa nyumbani mwangu. Ya kwanza ni 1 Yohana 5, yale maneno ya watatu washuhudiao mbinguni, Baba, na Neno, na Roho. Nimeyaona yakinukuliwa kama msumari wa mwisho. Maneno hayo hayamo katika hati za kale za Kigiriki. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, aliyaacha nje ya matoleo yake ya mwaka 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kubanwa. Mwislamu aliyesoma kidogo analijua hilo, na Mkristo akilisikia mara ya kwanza kutoka kwa Mwislamu, atadhani kanisa lilimficha. Ya pili ni neno la Kiebrania Elohim, yaani Mungu, kwamba liko katika wingi, basi ni Utatu. Katika Mwanzo 1:1 kitenzi chake ni cha umoja, na 1 Wafalme 11:33 linatumia neno hilohilo kwa Kemoshi, sanamu ya Wamoabu. Kama wingi wa neno unathibitisha Utatu, Kemoshi naye atakuwa Utatu. Ya tatu ni mifano: yai lenye ganda, ute na kiini, au maji yanayokuwa barafu na mvuke. Ganda ni sehemu ya yai, wakati Baba si theluthi ya Mungu. Na maji yaleyale yanayobadilika sura ni fundisho la watu wanaosema Baba ndiye aliyegeuka Mwana, fundisho ambalo kanisa lilikwisha kulikataa miaka mia moja kabla ya Nikea. Mwandishi anayetoa mfano huo anafundisha asichokiamini.

Ugumu mmoja unatoka kwenye lugha yenyewe, na kwa maoni yangu ndiko hazina iliko. Tunasema "Nafsi tatu katika Mungu mmoja". Mtaani nafsi ni mtu mwenyewe, roho yake, utu wake. Kwa hiyo nafsi tatu masikioni ni watu watatu, na watu watatu walio Mungu ni miungu watatu. Mbia wa Mwaloni hakukosea kusikia hivyo. Lakini kila mtoto aliyesoma sarufi shuleni anajua maana nyingine ya neno hilo: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi, wewe, yeye. Nafsi hapo ni nafasi ya mtu katika mazungumzo. Haina uhusiano na uzito wa mwili wala na hesabu ya vichwa. Nilishangaa kugundua kwamba njia hiyo ina wazee. Tertuliano wa Kartago, Mwafrika wa Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 3 alipomjibu Prakse aliyesema Baba na Mwana ni yuleyule, hoja yake ilisimama palepale: tazama nani anasema na nani katika Maandiko. Katika Yohana 17 Yesu anasema "mimi" na "wewe", na hasemi peke yake. Neno la Kilatini alilolitumia, persona, ndilo walimu wa sarufi wa Kilatini walilolitumia kwa mimi, wewe na yeye.

Ukishika uzi huo, swali la Mwaloni linapata jibu ambalo halimtukani mtu. Yesu alikuwa anamwomba nani? Alikuwa anamwomba Baba. Kanisa halijawahi kusema kwamba Yesu ndiye Baba. Kama lingesema hivyo, sala ile mlimani ingekuwa maigizo. Fundisho la Utatu limezaliwa kwa sababu ya swali hilohilo: waliomfuata Yesu walimsikia akimwita Mungu "wewe", wakamwona akisamehe dhambi na kupokea kusujudiwa, na wakati huohuo walimsikia akimjibu mwandishi katika Marko 12 kwamba amri ya kwanza ni hii, "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja." Hawakuweza kuacha hata moja ya hayo matatu. Mfano wa sarufi una mpaka wake, sharti tuuseme: mtu mmoja anaweza kuwa mimi, kisha wewe, kisha yeye, kwa zamu, na hilo lingeturudisha kwa Prakse. Katika Mungu hakuna zamu. Na Mwislamu anaposoma Suratul Ikhlas kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, Mkristo anaweza kumwambia kwa moyo mweupe kwamba uzazi wa mume na mke tunaukataa pamoja naye. Baada ya hapo tofauti bado ipo, kubwa, wala haifai kuifunika. Lakini angalau wanatofautiana juu ya kitu kimoja.

Kuna ukimya katika vitabu hivi unaonisumbua kuliko hoja zao dhaifu. Vinaongea juu ya Mungu mmoja kana kwamba adui wa imani hiyo hapa Usukumani ni msikiti. Wazee wa Kisukuma walimtaja Liwelelo, Wakerewe walimtaja Namuhanga, kabla mmisionari yeyote hajashuka Kageye, kando ya ziwa hili. Kwamba Muumba ni mmoja halikuwa jambo geni pwani hii. Ugeni ulikuwa katika aya inayofuata ile ya Kumbukumbu 6:4, kwamba huyo mmoja apendwe kwa moyo wote. Moyo wote maana yake hakuna kipande kinachobaki kwa hofu nyingine. Na sisi tuna hofu nyingine. Tuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Tuna mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2007, kwa ahadi za waganga za dhahabu, samaki na kura. Sitaki kuamini kwamba wote waliokwenda kwa waganga wale hawakuwa na kadi ya ubatizo nyumbani. Mtu anayekiri Mungu mmoja Jumapili na kuamini Jumatano kwamba mfupa wa mtoto utafungua mgodi ana miungu wawili, na hakuna kijitabu hata kimoja kati ya nilivyonunua kilichomwambia hivyo. Hilo ndilo jaribu kali la Mungu mmoja kwetu, na msomaji wake, nasema tena, yuko ndani ya kanisa.

Kama haya ni kweli, yapo ya kubadilika. Mafundisho ya ubatizo na kipaimara yasiishie kwenye kukariri. Imani ya Nikea isomwe neno kwa neno, na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza swali la mbia wake bila kuambiwa ana roho ya ubishi. Mchungaji au padri asiyejua jibu aseme hajui, aombe wiki moja, na kweli arudi nalo. Mwandishi anayeeleza Waislamu au Mashahidi wa Yehova wanaamini nini ampe mmoja wao asome ukurasa huo kabla haujaenda kiwandani, na kama msomaji huyo atasema "hivi sivyo tunavyosema", ukurasa uandikwe upya. Mji huu haujakosa mitambo ya kuchapa wala wasomi: kanisa la Africa Inland (AIC) lina historia ndefu ya uchapaji wa vitabu vya Kikristo vya Kiswahili hapahapa Mwanza, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe tangu 1998. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba muuza dagaa anastahili kitabu kizuri kama anachostahili mwanafunzi wa seminari, kwa Kiswahili chepesi na kwa bei anayoimudu. Wakatoliki, Wainland, Wasabato na Wapentekoste watatofautiana juu ya mengi katika kitabu kama hicho, na hata juu ya Utatu wapo Wapentekoste wa "jina la Yesu tu" watakaokataa. Hilo nalo liandikwe wazi, ili msomaji ajue ni nani anayesema naye.

Nilisoma Yohana 17 na yule kijana, taratibu, tukipiga mstari kila penye "wewe". Wiki iliyofuata aliisoma tena na mbia wake, wamekaa juu ya magunia, na akanipigia simu jioni. "Mwalimu, ile ya kumwomba nani ameielewa, ingawa hajaikubali. Ila ameniuliza nyingine." Mbia wake alikuwa amefungua Marko 15 mwenyewe, akafika pale msalabani: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Alitaka kujua, kama ni mmoja, nani alimwacha nani. Kijana alikuwa amekwishapita meza zote mbili za vitabu alizozijua, akipekua kurasa akiwa amesimama, na alikuwa anauliza kama najua kitabu kinachoigusa.